Timu ya daraja la nne Brazil kujaza watu karibu elfu sitini: kuna aliyefika Arruda, Recife?

Baharia wa Likoni

Salamu nyote. Mimi ni baharia, niko chumba cha injini kwenye meli ya makontena. Mwaka jana tulifunga Suape, bandari iliyo kusini ya jiji la Recife, kaskazini mashariki ya Brazil. Pale gatini palikuwa na mzee mmoja wa kufunga kamba, amevaa jezi ya milia nyekundu, nyeusi na nyeupe, imepauka kwa jua mpaka nyekundu imekuwa kama waridi. Nikamuuliza kwa Kireno changu cha kuokoteza: Flamengo? São Paulo? Uso ukambadilika. Akajipiga kifua, akasema Santa Cruz. Halafu akachukua kalamu, akaniandikia kwenye kipande cha katoni: 59.966, Série D.

Nilivyomwelewa, timu yake iliwahi kuingiza watu 59,966 kwenye mechi moja ikiwa daraja la nne. Niliporudi melini nikawasimulia wenzangu, wote wakasema mzee kanipiga kamba.

Sasa tunarudi Suape mwezi wa pili, na tukijaaliwa nitapata siku moja ya kushuka. Katoni bado ninayo, nimeibandika kitandani kwangu. Kuna mtu humu amewahi kufika kwenye uwanja huo? Ni kweli alichoandika mzee? Na kwa siku moja naweza kwenda na kurudi?

Binti Chumbageni

Kaka Baharia, mzee hakukudanganya hata kidogo. Namba yake ni sahihi mpaka mtu wa mwisho, na mmoja katika hao 59,966 ni mimi.

Nilisoma kilimo Recife, nikafika mwanzoni mwa 2011 na kuondoka mwisho wa 2015. Nilipanga chumba Água Fria, mtaa unaopakana na Arruda, kwa bibi mmoja mjane ambaye sebuleni kwake palikuwa na vitu vitatu tu ukutani: picha ya ndoa, msalaba, na bendera ya Santa Cruz. Mpira sikuwa naujua. Kwetu Tanga kaka zangu walikuwa wakigombana juu ya Coastal Union na African Sports mimi napita zangu. Bibi yule ndiye aliyenifundisha kukaa jukwaani.

Nianze na mechi yenyewe, maana ukiielewa hiyo utaelewa kwa nini mzee wa kamba bado anaibeba kichwani. Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Oktoba 2011, robo fainali ya Série D. Brazil ina madaraja manne ya taifa, A mpaka D, na wakati ule waliofika nusu fainali ya D ndio waliopanda kwenda C. Kwa hiyo robo fainali ndiyo mechi ya kufa na kupona, fainali yenyewe ni sherehe tu. Mpinzani alikuwa Treze wa Campina Grande, jimbo jirani la Paraíba. Mkondo wa kwanza kule kwao ulikuwa sare ya 3-3. Kwa sheria ya bao la ugenini, yaani jumla ikiwa sawa anapita aliyefunga mengi ugenini, Santa Cruz akitoka 0-0 nyumbani anapanda. Akifungwa bao moja tu bila kurudisha, anabaki shimoni mwaka wa nne.

Sasa piga picha, dakika tisini watu karibu elfu sitini wakiomba pasitokee kitu. Sijawahi kuona kelele ya namna ile. Treze wakikaribia boksi letu, uwanja mzima unanyamaza, unasikia redio ndogo za watu, maana wazee wengi kule huenda uwanjani na redio sikioni ili wasikie mtangazaji akiwathibitishia wanachokiona. Mpira ukiondolewa, zege linatikisika chini ya miguu. Nasema zege kwa sababu jukwaa la Arruda sehemu kubwa ni ngazi za zege tupu, unakalia gazeti au unasimama. Bibi hakukaa hata sekunde. Alishika mkono wangu tangu mwanzo, na filimbi ya mwisho ilipolia 0-0 hakushangilia. Aliinama, akagusa zege kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemaliza kuzaa salama.

Nilimuuliza usiku ule kwa nini aligusa chini. Ndipo akanisimulia habari ya matofali.

Klabu ilianzishwa tarehe 3 Februari 1914 na vijana wadogo waliokuwa wakicheza mpira mbele ya kanisa la Santa Cruz, mtaa wa Boa Vista, katikati ya Recife. Jina walilichukua kwenye kanisa hilo. Zama hizo mpira wa Recife ulikuwa wa watoto wa matajiri, na Santa Cruz alikuwa miongoni mwa wa kwanza mjini kumchezesha mtu mweusi, Teófilo Batista de Carvalho, aliyejulikana kwa jina la Lacraia, yaani tandu. Tangu hapo ikawa timu ya watu wa kawaida: makuli, wafua nguo, wauza samaki. Wenyewe huiita Santinha, jina la kudekeza.

Kiwanja cha Arruda waliwahi kukipanga tu kwanza. Meya mmoja wa miaka ya 1950, José do Rego Maciel, aliisaidia klabu kukipata, na ndiyo maana jina rasmi la uwanja ni lake, ingawa hutamsikia mtu akilitaja. Watu husema Arruda, basi. Ulipofika wakati wa kujenga uwanja wa maana, klabu haikuwa na fedha za kutosha, ikawaomba mashabiki walete vifaa. Bibi alikuwa msichana wakati huo. Babake alikuwa fundi cherehani, hakuwa na cha kutoa, akanunua matofali sita. Walikwenda kwa miguu Jumamosi asubuhi, yeye amebeba mawili kichwani kwenye kata ya nguo, baba manne kwenye toroli la kuazima. Mwingine alileta mfuko wa simenti, mwingine kokoto. Uwanja ukafunguliwa tarehe 4 Juni 1972 kwa mechi na Flamengo, 0-0. Mwaka 1982 wakaongeza jukwaa la juu lililozunguka, ndipo ukawa lile jitu unaloliona sasa, lenye uwezo wa watu wapatao elfu sitini.

Matofali sita kwenye jengo la ukubwa ule hayaonekani. Lakini bibi alikuwa na nguzo yake, ya tatu kutoka lango tuliloingilia, na kila mechi akipita aliigusa. Hakuna aliyemwambia matofali yao yamo humo. Aliamua mwenyewe. Na nilipokuja kuangalia vizuri, niliona si yeye peke yake. Watu wengi wa umri wake wana mahali pao pa kugusa.

Kwa hiyo, kaka, unapouliza kwa nini walijaa timu ikiwa daraja la nne, jibu langu ni hilo. Timu ilikuwa imeshuka, nyumba ilikuwa palepale. Mwaka 2006 walikuwa Série A. Wakashuka, 2007 wakashuka tena, 2008 wakashuka tena: miaka mitatu, ngazi tatu. Wakakaa Série D 2009, 2010 na 2011. Na katika mwaka huo wa 2011 wastani wa mashabiki wa Santa Cruz ulipita watu 36,000 kwa mechi. Hakuna klabu ya Brazil iliyowafikia mwaka ule, hata zile za Série A. Corinthians alikuwa bingwa wa nchi, na bado alikuwa nyuma ya timu ya daraja la nne ya Recife.

Fainali ya Série D tulifungwa na Tupi, tena Arruda. Hakuna aliyelia. Kupanda kulishapatikana.

Refa Mstaafu, Morogoro

Dada umenirudisha mbali. Niongeze kidogo, maana Arruda mimi naijua kwa habari nyingine, ya timu ya taifa.

Julai 1993 Brazil ilifungwa 2-0 na Bolivia kule La Paz, mara ya kwanza kabisa kupoteza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Nchi nzima ikawageuka wachezaji. Mechi ya marudiano ikapelekwa Recife, tarehe 29 Agosti, Arruda. Rekodi ya uwanja huo inayotajwa mpaka leo ni ya siku hiyo, watu 96,990. Wachezaji wakatoka wameshikana mikono, mstari mmoja kama watoto wa shule. Anayetajwa kuwa mwenye wazo hilo ni Ricardo Rocha, beki, mtoto wa Recife na aliyepita Santa Cruz. Brazil ikashinda 6-0, Bebeto mawili. Wakaendelea kuingia uwanjani wameshikana mikono hivyo hivyo mpaka Marekani 1994 walipochukua kombe. Wenye umri wangu mtaikumbuka ile picha ya kushikana mikono, wengi hawajui ilianzia wapi.

Halafu Rivaldo. Huyu wa Barcelona na Kombe la Dunia 2002. Ni mtu wa eneo hilohilo la Recife, na alianzia Santa Cruz kabla hajaenda klabu ya Mogi Mirim.

Swali langu kwa dada: klabu yenye uwanja wake, mashabiki wake, na iliyotoa watu kama hao, inashukaje mpaka D? Nilichezesha ligi zetu miaka mingi, nimeona timu zikifa, ila nyingi hazikuwa na hata kiwanja cha mazoezi.

Baharia wa Likoni

Dada, ahsante sana, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mfilipino wetu nimemtafsiria habari ya matofali, amenyamaza.

Mimi naongeza swali la mke wangu, kwa sababu amesoma juu ya bega langu: ni salama? Amesikia viwanja vya Brazil vina fujo.

Binti Chumbageni

Nitaanza na la shemeji, na nitamjibu kwa ukweli. Tarehe 2 Mei 2014, baada ya mechi ya Santa Cruz na Paraná ya Série B, kuna watu waling'oa masinki ya choo kwenye jukwaa la juu wakayatupa nje, barabarani. Moja lilimpiga kijana aliyekuwa anapita, akafa. Nilikuwa nyumbani, tulisikia ving'ora. Bibi alizima redio na hakwenda uwanjani kwa miezi. Alisema watu wamechukua kitu cha nyumba yake wakakifanya silaha, na kwamba angekuwa na nguvu angekwenda kumwona mama wa yule kijana. Simfichi mtu jambo hilo. Lilitokea pale, na wanaoipenda Arruda wanaishi nalo.

Kwa hiyo shemeji aambiwe hivi. Mechi na Sport au Náutico, watani wa mjini, uiache kama uko peke yako na huujui mji. Mechi nyingine nenda bila wasiwasi mkubwa, fika mapema, kaa jukwaa la chini upande wenye familia, usivae nyekundu na nyeusi peke yake maana hizo ni rangi za Sport. Ukiongeza nyeupe ndani yake umekuwa mtu wa nyumbani. Hizo tatu pamoja ni rangi za nyoka wa marijani, na nyoka huyo ndiye alama ya klabu. Watoto kule hawamwogopi kwenye picha, wanambusu.

Refa, swali lako nimejiuliza miaka yote. Sina mtu wa kumnyooshea kidole, ila nitakueleza ngazi zilivyo, maana zenyewe ni katili. Mwaka wa Brazil unaanza Januari na ligi za majimbo. Santa Cruz anacheza ya Pernambuco, jimbo la Recife, na 2011 hiyohiyo aliichukua mbele ya Sport aliyekuwa anatafuta ubingwa wa sita mfululizo. Tuliwafunga 2-0 kwao Ilha do Retiro, wakatufunga 1-0 Arruda, kombe likabaki kwetu. Timu ya Série D bingwa wa jimbo. Miaka ile, baada ya ligi ya jimbo ndipo madaraja ya taifa yalianza. Lakini Série D haina pa kushukia, na nafasi yake haudumu nayo: unaipata kwa kufanya vizuri kwenye jimbo lako. Ukifanya vibaya jimboni, mwaka unaofuata huna daraja kabisa. Huchezi. Na timu isiyocheza haina kiingilio, haina haki za matangazo, wachezaji wanaondoka, na madeni hayaondoki. Hapo uwanja mkubwa unageuka mzigo. Jukwaa la watu elfu sitini linataka kupakwa rangi, vyuma vinakula kutu, mvua za Recife ni za miezi mingi, na bomba likipasuka ni la kwako, hakuna serikali ya kulitengeneza. Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar ukivuja serikali inatafuta fundi. Arruda ukivuja, anatafuta Santinha.

Nimeona akipanda kwa macho yangu: bingwa wa Série C 2013, wa pili Série B 2015. Niliondoka Desemba ile nikijua anarudi Série A, bibi akanisindikiza mpaka uwanja wa ndege amevaa jezi. Mwaka 2016 akachukua jimbo na Copa do Nordeste, kombe la majimbo yote ya kaskazini mashariki, Grafite yule aliyechezea Wolfsburg ya Ujerumani akiwa mshambuliaji. Mechi ya kwanza ya Série A akampiga Vitória 4-1. Nilikuwa Tanga nafuata kwenye simu, nikaita watu wakaone jedwali, Santa Cruz juu. Mwisho wa msimu akashuka. Mwaka 2017 akashuka tena. Mwaka 2021 akarudi D. Na 2024 likatokea lile baya kupita yote: hakuwa na daraja. Ligi ya jimbo ilipokwisha, Arruda likakaa kimya, nyasi zinakatwa kwa ajili ya nani.

Bibi alikuwa bado anaweza kutembea mwaka ule. Nilimpigia, nikamuuliza Jumapili anafanya nini. Akasema anatoka kanisani, anapita uwanjani, anagusa nguzo kwa nje kupitia uwazi wa lango, anarudi kupika.

2025 walirudi Série D na wakapanda kwenda C. Nilipata ujumbe wa sauti wa bibi usiku wa manane kwa saa zetu. Sikuelewa neno hata moja, kelele tupu, na sauti yake ndani yake.

Refa Mstaafu, Morogoro

Hapo kwenye kutokuwa na daraja nimeelewa. Sikujua kuna adhabu ya namna hiyo kwa klabu ya miaka zaidi ya mia.

Baharia wa Likoni

Nimeamua, nakwenda. Mke wangu amekubali kwa sharti la jukwaa la familia. Nipe njia dada, nianzie lango la bandari.

Binti Chumbageni

Mwezi wa pili ni ligi ya jimbo, umebahatika. Lakini kabla hujashuka hakikisha mechi iko Arruda, maana mara nyingine huchezwa Arena de Pernambuco, uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia 2014, na huo uko São Lourenço da Mata, nje ya mji. Ukikosea hapo siku yako imekwenda.

Kutoka Suape chukua teksi mpaka kituo cha Cajueiro Seco, ni mwanzo wa treni ya kusini. Panda mpaka mwisho, kituo cha Recife, katikati ya mji. Ukiwa na saa moja ya ziada, pita Boa Vista uone kanisa la Santa Cruz, utasimama pale vijana wa 1914 walipokuwa wakicheza. Kisha basi lolote linalofuata Avenida Beberibe, mwambie dereva Arruda tu. Hutahitaji kuuliza kituo. Siku ya mechi basi zima linashuka pamoja.

Njaa usiwe na wasiwasi nayo. Nje ya lango kuna mishikaki, wao huita espetinho, inachomwa kwenye majiko ya mkaa kama yetu ila chumvi ni nyingi. Kuna mchuzi wa maharage wa kunywa kwenye kikombe, caldinho, kunywa wa moto. Na kuna karanga za kuchemsha na maganda yake, zinauzwa za vuguvugu ndani ya mfuko. Siku ya kwanza kuzila pale nililia, nilidhani niko stendi ya Tanga.

Pesa uwe nazo taslimu, ndogondogo. Maji nunua nje, ndani ni ghali.

Ombi langu moja. Lango tuliloingilia linatazama Avenida Beberibe. Ukiingia, hesabu nguzo upande wa kushoto mpaka ya tatu. Kwa usawa wa bega la mwanamke mfupi rangi imelika, duara la ukubwa wa kiganja. Mpigie bibi picha ya hapo, nimtumie. Miguu haimpeleki tena mpaka pale tangu Krismasi, na mjukuu wake anasema uwanja unapakwa rangi upya. Anataka kujua kama wamefika kwenye ile nguzo.

Baharia wa Likoni

Nguzo ya tatu, kushoto, usawa wa bega. Nimeandika nyuma ya ile katoni.